Uzi Mweusi wa Masha

Masha hakuwa mtu wa watoto. Hilo nalisema mapema, na asiyeniamini amuulize yeyote aliyekulia hapa Mnarani na kuwahi kukimbia kwenye gati ya zamani ya feri. Mimi nina miaka kumi na tisa nikikaanga viazi karai na mahamri juu ya gati hiyo, hatua chache kutoka majini, na nimemsikia akiwafukuza wana wa watu kwa matusi ambayo siwezi kuyaandika. Alidai kishindo chao kinamfukuzia samaki. Yeye alikaa ukingoni peke yake, mshipi wa kuvulia umepita juu ya kidole cha shahada, macho kayafumba, na ole wako upige chafya.

Kisha, Jumamosi moja mwaka jana, wiki mbili baada ya Idi, akateremka gatini na watoto watatu.

Wa kwanza alikuwa Kahaso, mjukuu wake wa miaka saba. Wa pili Jimmy, mtoto wa Okoth fundi wa mashine za boti, miaka mitano na mdomo usiofungwa. Wa tatu, na hapo mwiko uliniangukia ndani ya mafuta, alikuwa Rayhana wangu wa miaka sita, binti wa binti yangu, niliyemwacha nyumbani akichezea vifuniko vya chupa. Kumbe Masha alikwenda kumwombea ruhusa kwa mamake, si kwangu. Alijua mimi ningeuliza maswali.

Ningeuliza, ndiyo. Jambo nisilolijua huniwasha. Marehemu mume wangu alikuwa akisema Zakiya akifa ataamka kaburini aulize ni nani waliokuja kumzika. Na jambo hili lilinikaa rohoni. Mtu aliyefukuza watoto miaka thelathini, leo awatafute mwenyewe, awafunge kamba viunoni na kwenye chuma kile cha kufungia feri ili wasitumbukie? Kulikuwa na nini?

Kadii, mkewe, hakunisaidia. Alikuja kununua viazi, akawatazama wale wanne kule chini, akasonya.

"Dada Zakiya, mimi nimemwambia. Turudi Kakuyuni tukalime, shamba lipo, mbuzi wapo. Hataki. Ati ana watoto wa kufundisha. Basi nimemwekea neno: siku atakayomrudisha mtoto wa mtu na jeraha, siku hiyo hiyo nafunga virago."

"Na yeye kakubali?"

"Kakubali. Angefanyaje?"

Nikamuuliza anaogopa nini, mbona watu kila siku wanavua pale na hawadhuriki. Akachukua viazi vyake na ukwaju, akaenda zake. Lakini sasa nilijua Masha ameweka nini rehani. Alizaliwa Kakuyuni, na jembe alilikimbia akiwa na miaka kumi na saba. Alipata kazi ya kurusha kamba kwenye feri. Daraja lilipofunguliwa feri ikaondolewa, wenzake wakaenda Mombasa, yeye akabaki na gati na mshipi. Umtoe pale umweke shambani, umemzika mzima.

Nikaanza kuwatazama vizuri. Kila Jumamosi asubuhi, maji yakiwa yanajaa, alipita kwangu kuomba donge la unga.

"Bi Zakiya, unga wako samaki wanaupenda kuliko watu."

"Watu wanalipa," namjibu, na bado nampa.

Ule unga ulikuwa chambo. Alimwambia Kahaso autie kwenye ndoana, yeye akaurusha mshipi majini, na kisha, hapa ndipo palinishangaza, mshipi hakuushika yeye. Aliuweka juu ya kidole cha mtoto mmoja, akamwambia afumbe macho, akainama karibu naye.

"Asemaje?"

"Anabisha hodi," anasema Kahaso.

"Mara ngapi?"

"Mbili. Halafu amenyamaza."

"Huyo ni samaki changu. Akibisha tena, vuta."

Jimmy yeye kila mara alisema samaki anamtekenya, na mara nyingi hapakuwa na samaki. Rayhana hakuwa na haraka. Aliwaza kwanza, kisha akatoa maneno yake mawili matatu. Siku moja nilimsikia akisema, "Anatafuna kama nyanya akiwa hana meno yake." Nilimsamehe.

Na jambo jingine. Zamani Masha alikuwa na sifa iliyovuka hori, mkono huu wa bahari, mpaka Kilifi mjini, kwamba humtaja samaki kabla hajaonekana. Vijana walikuwa wakiwekeana dau la soda kwa ajili yake, na hakuna aliyewahi kunywa kwa Masha kukosea. Sasa alikosea. Alisema changu akatoka kikande. Alisema chewa akatoka kaa. Watoto walicheka mpaka wakagaragara, nami nikadhani anajifanya mjinga ili wafurahi. Nilimwona mwalimu mzuri, na nikashangaa ule ualimu ulikuwa umejificha wapi.

Sasa niseme habari ya tasi, kwa ambaye hakukulia pwani. Tasi ni mtamu sana, lakini mgongoni na tumboni ana miiba yenye sumu. Akikuchoma, mkono unawaka mpaka kwapani, na nimeona wanaume wenye ndevu zao wakiwaita mama zao pale gatini. Tasi hamjui sharifu wala mlevi.

Mwezi wa pili wa mafunzo yale, Kahaso akamvuta tasi. Samaki akaanguka kwenye saruji, akaruka ruka karibu na miguu ya Jimmy, naye Masha akamkamata kwa kiganja kizima, mkono mtupu, akawa anamtoa ndoana huku akiwaonyesha watoto mapezi. Niliuona mwiba ukiingia chini ya kidole gumba. Damu ikatoka. Masha akaendelea kueleza mapezi.

"Tsawe, unatoka damu," Kahaso akamwambia. Kwao babu ni tsawe, na watoto wote watatu walishamwita hivyo.

Akautazama mkono wake, akaufuta kwenye suruali. "Ah, kidogo tu."

Mimi nilisimama na mwiko hewani. Baadaye alikuja kunywa chai, nikampa kwenye kikombe cha bati, chai inayochemka, mwenyewe nikikishika kwa pindo la leso. Yeye akakizungushia mkono wote, akakaa nacho akiniulizia habari za mvua. Alipokipeleka mdomoni ndipo akashtuka, akapuliza.

Labda mtu wa kwingine angefikiri jambo jingine. Sisi wa hapa tulifikiri dawa. Mtu akitoka bara ya huko kwao Masha, hatuachi kumtilia mganga nyuma yake, hata kama babake aliuza mihogo maisha yake yote. Na nilikuwa nimeuona uzi mweusi kwenye kifundo cha mkono wake wa kulia. Kufika adhuhuri nilikuwa nimemwambia Okoth. Kufika alasiri Mnarani nzima ilijua kwamba Masha kachanjwa, tasi hamwezi, moto haumwezi.

Watu wakaanza kuja. Okoth mwenyewe, ambaye hujisifu kwamba kwao ziwani hakuna samaki wa kumtisha, alikuja na soda baridi akamnong'oneza mzee sikioni. Masha akacheka, akasema, "Dawa ni kuzoea." Hakukubali wala hakukataa. Nilimwona anavyofurahia uvumi ule, nami nikazidi kuwashwa nisijue kwa nini. Leo najua. Ulimfunika vizuri.

Basi mimi, niliyehitimu juzuu thelathini za Kurani mbele ya marehemu babangu, nikamwendea pia.

"Masha, nipatie na mie kidogo, kwa ajili ya mtoto. Rayhana yuko nawe kila wiki."

Alinitazama kwa muda. Nadhani alitaka kuniambia kitu, kisha utani ukamshinda. Akatoa kibiringo cha uzi mweusi, ule ule wa kufungia ndoana zake, akakata kipande, akakipulizia kwa madaha makubwa.

"Haya. Mfunge mkono wa kulia. Asinawe siku nzima."

"Asinawe kabisa?"

"Labda akitaka kula."

Nikacheka naye. Lakini nilikwenda nyumbani nikamfunga, na nilipomfunga nikamwambia kwa kinywa changu mwenyewe, "Sasa tasi hakuwezi."

Zikapita Jumamosi mbili. Ya tatu, mshipi ulikuwa kidoleni mwa Rayhana.

"Asemaje?" Masha akamuuliza.

Rayhana akawaza. "Anakula kidogo kidogo. Na anavuta."

"Anakula au anavuta?"

"Vyote."

Masha akasita. "Changu," akasema. "Haya mwanangu, vuta."

Rayhana akavuta mwenyewe, mkono mmoja baada ya mwingine, na samaki akatua kwenye saruji. Alikuwa tasi, tena mkubwa, miiba yote kaisimamisha.

"Usimshike!" Masha akapiga kelele.

Rayhana akamwinulia mkono wake wa kulia, kumtuliza mzee. "Hanipati, tsawe. Nina uzi."

Akamkamata.

Sauti ile sitaki kuisikia tena maishani. Nilifika chini na kiatu kimoja. Masha alikuwa ameshamtupa samaki, ameshang'oa mwiba, anahangaika na fundo la kamba kiunoni mwa mtoto.

"Maji moto, Bi Zakiya! Sumu ya tasi huuawa na moto. Kimbia!"

Nikakimbia. Sufuria yangu ya chai ilikuwa inatokota, sijatia majani bado. Nikamimina maji kwenye beseni, nikaongeza ya baridi kwa kukisia, nikarudi nayo. Watu walikuwa wameshajaa. Okoth alikuwepo, na wale wote walioulizia dawa walikuwepo.

Masha akamshika Rayhana kifundo cha mkono kwa mkono wake wa kushoto, akatia wa kulia majini ili ayaonje kwanza. Akauacha humo. Nikamtazama usoni nikingoja aseme sawa. Alikuwa na uso wa mtu anayeitwa kutoka mbali asiyesikia jina lake. Akautoa mkono, akatia wa kushoto. Rayhana anapiga mayowe, watu wanasema, "Mtie, mzee! Mtie!" Masha hamtii majini.

"Bi Zakiya," akasema, "onja wewe."

"Si umeshaonja!"

"Sikusikia kitu." Kisha akaipandisha sauti, wakasikia wote mpaka wa nyuma. "Mikono yangu imekufa. Ni ugonjwa wa sukari. Sisikii moto, sisikii mwiba, samaki pia simsikii. Onja wewe, nitamwunguza mtoto."

Nikachovya vidole. Nikavitoa nikipiga ukelele. Yale maji yangemwambua ngozi.

Okoth akakimbilia ya baridi, nikayachanganya, nikaonja, nikayachanganya tena, mpaka yakawa moto wa kuvumilika. Tukautia mkono wa mtoto. Haikuchukua muda mayowe yakawa kilio, na kilio kikawa kwikwi. Watu wakaondoka mmoja mmoja bila kuaga. Baadaye tulimvusha daraja kwenda hospitali, na muuguzi akasema maji yale yalimsaidia sana. Lakini kabla ya hapo tulikaa pale chini karibu saa nzima, mimi, mtoto mapajani, beseni, na Masha kwenye chuma chake.

Hakungoja nimuulize. "Ganzi ilianza nyayoni mwaka juzi, ikapanda mikononi. Siku moja nikavuta mshipi, nikamkuta samaki amekufa kwenye ndoana, sijui alikuja saa ngapi. Nikasema basi, nimekwisha. Halafu Kahaso akaja kukaa nami, akaugusa mshipi, akaniambia, 'Tsawe, kuna mtu anabisha.' Bi Zakiya, nilitaka kulia."

"Kwa hivyo ulikuwa huwafundishi."

"Wao ndio walionisikilizia. Wanasema, nami nakisia."

Na Mungu anisamehe, hata katika hali ile nilimuuliza, "Kahaso peke yake hakutosha?"

"Watoto huchoka," akasema. Kisha akauona uzi mkononi mwa Rayhana, umelowa. "Ule ulikuwa mzaha, Bi Zakiya."

"Najua. Mie ndiye niliyemfunga."

Nilikuwa na hasira naye, na hasira na ulimi wangu zaidi, na nilimwonea huruma, yote kwa pamoja, nikashindwa nianze na ipi.

Kadii alikuja bila kelele. Alimtazama mtoto, akanipa pole, akamgeukia mumewe. "Jumamosi ijayo, Masha. Adhuhuri." Masha akasema, "Haya." Akauviringa mshipi kwenye chupa yake, akampa.

Siku ya nne nikaenda kwao na Rayhana, mkono wake bado una bandeji. Magodoro yalikuwa yameshafungwa kamba. Masha alikaa barazani bila kazi. Nikaingia ndani kwa Kadii, nikamwambia lile nililokwenda kulisema, kwamba kosa la uzi ni langu, kwamba uzi ndio uliomtia mtoto ushujaa, asimwadhibu mumewe kwa ujinga wa jirani.

"Na aliyesema changu ni nani?" Kadii akaniuliza.

Nikakalia godoro moja, naye akaendelea.

"Hasikii, dada. Mtoto anamwambia maneno, yeye anabahatisha. Leo kabahatisha changu, katoka tasi. Kesho je?"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Ndipo tukasikia mazungumzo ya barazani. Rayhana, aliyenirithi mimi na si mamake, alikuwa kazini.

"Tsawe, mkono wote umekufa?"

"Mpaka hapa kwenye kiwiko."

"Na hapa?"

"Hapo nasikia kidogo."

"Na hapa begani? Na sikio?"

"Nasikia, mama, taratibu."

"Na hapa?"

"Shavu? Nasikia sana. Kucha zako ndefu."

Kisha, "Basi yule tasi alifanya hivi." Nikachungulia. Rayhana alikuwa amesimama mbele yake, kidole cha mkono wake mzima kiko juu ya shavu la mzee, anamdonoa: mara nne nyepesi za haraka haraka, akamvuta ngozi kidogo pembeni, akamdonoa tena.

Masha akakaa wima. "Rudia."

Akarudia.

"Tasi huyo," Masha akasema polepole. "Tasi kabisa. Mtoto mdogo angeweza kumkosea huyu. Mimi nisingekosea."

Nilimtazama Kadii. Alikuwa akiangalia magodoro yake. "Safari ni Jumamosi adhuhuri," akasema. "Asubuhi wafanye watakavyo, niwaone mimi mwenyewe. Na wewe uwepo."

Jumamosi ile sikukaanga kitu. Nilikanda unga, nikautia kwenye bakuli, nikakaa. Masha aliwafunga watoto kamba mmoja mmoja, na Okoth akamkagulia kila fundo, kisha akasimama nyuma yao na koleo lake la kazini. Mshipi ulipita juu ya kidole cha kushoto cha Rayhana. Mkono wa kulia ulikuwa umeshapona, na kidole chake kilikuwa juu ya shavu la mzee. Masha alifumba macho. Hakumuuliza asemaje.

Tulingoja mpaka Jimmy mwenyewe akanyamaza. Kisha kile kidole kikaanza kudonoa shavuni, mara tatu, mara nne, nyepesi.

"Tasi," Masha akasema. "Mdogo. Kahaso, rudi nyuma. Jimmy, mikono mgongoni. Asimshike mtu. Okoth, koleo tayari. Sasa, mama, vuta."

Akatoka tasi mdogo, urefu wa kidole changu cha kati, akarukaruka kwenye saruji tupu. Hakuna mkono uliokuwa karibu naye. Okoth akamkamata kwa koleo, naye Masha akawa anauliza, "Ndiye? Ndiye?" kwa kuwa bado hakuwa amefumbua macho.

Kadii alisimama kando yangu, mkoba wa safari begani. Alimtazama samaki, akamtazama mumewe, ambaye shavu moja lilikuwa na madoa ya unga wa vidole vya mtoto. Akauteremsha mkoba, akausukuma chini ya meza yangu kwa mguu.

"Dada Zakiya," akasema, "nikatie donge jingine. Chambo kinawaishia."